Alama Tatu za Vema

Kila Jumamosi asubuhi, akishamaliza kuosha vyombo na kufagia ua, Chapuchapu alikuwa na kazi ambayo watoto wenzake hawakuwa nayo. Alichukua kopo la grisi na kitambaa kikuukuu, akavuka barabara na kuingia katika kituo cha umeme wa jua cha mtaa wao. Fundi wa kituo hicho alikuwa Mama Mkubwa, dada wa mama yake.

Jina la Chapuchapu alipewa nyumbani, nalo lilimkaa vizuri. Alikula upesi, aliandika upesi, na kuoga kwake kulikuwa kuonja maji tu. Mlinzi wa kituo, mwanajeshi mstaafu aliyependa utani, alikuwa akimwambia kwamba siku moja atafika shuleni na kuikumbuka miguu yake aliyoiacha nyumbani.

Kituo chenyewe hakikuwa kikubwa. Kulikuwa na safu sita za paneli za sola uwanjani, chumba cha betri, na kompyuta moja iliyosimamia yote. Umeme wake uliwasha taa za nyumba, uliendesha mashine za mafundi, na ulifika hadi kituo cha afya mwisho wa barabara. Waya mmoja mnene ulikiunganisha na gridi kubwa inayounganisha vituo vyote. Jua likipungua, gridi iliwasaidia. Jua likizidi, wao waliisaidia gridi.

Kati ya mtaa na gridi kulikuwa na swichi kuu, ndani ya sanduku la chuma ukutani. Kwa kawaida kompyuta ndiyo iliyoifungua na kuifunga. Lakini nje ya sanduku ulitokeza mkono wa chuma, mrefu kama mpini wa jembe, kwa ajili ya siku ambayo kompyuta itashindwa.

"Huu ni mlango wetu," Mama Mkubwa alipenda kusema. "Mlango usiofungika ni tundu tu ukutani."

Tatizo la mkono ule lilikuwa majirani. Nyuma ya ukuta waliishi kwa kufyatua matofali, na vumbi lao la saruji halikujua mpaka. Liliruka, likatua kwenye maungio ya mkono, na mvua ikinyesha liliganda. Kwa hiyo kila Jumamosi maungio yalifutwa na kupakwa grisi, kisha aliyefanya kazi alitia alama ya vema katika kitabu cha kituo. Mwanzo wa kila mwezi Mama Mkubwa mwenyewe aliuvuta mkono kuujaribu. Kazi ya grisi ilikuwa ya nje, isiyo na hatari, na Chapuchapu aliiomba mwenyewe. Alikuwa akiona fahari kuandika katika kitabu cha watu wazima.

Wiki tatu kabla ya siku nitakayoieleza, mama yake alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa njiti, mdogo hata mlinzi akaapa kwamba angelala vizuri ndani ya kiatu chake. Alilazwa katika kitanda cha joto kwenye kituo cha afya, kitanda kinachotumia umeme usiku na mchana, na mama akabaki naye. Chapuchapu akahamia kwa Mama Mkubwa. Muuguzi aliruhusu watoto kuingia wodini Jumamosi tu, saa nne kamili.

Jumamosi ya kwanza mvua ilinyesha na saa ilikuwa imekwenda. Chapuchapu alitia alama ya vema, akajiambia angerudi jioni kupaka grisi, akakimbia kwenda kumwona mdogo wake. Jioni alisahau. Jumamosi ya pili moyo ulimsuta kidogo. Ya tatu hata hakulifungua kopo.

Jumanne iliyofuata, alipotoka shule, alipita kituoni kuchukua chupa ya chai ya kumpelekea mama. Alimkuta Mama Mkubwa amesimama na simu sikioni. Nyuma yake taa ya chumba ilikuwa ikififia na kuwaka.

Mama Mkubwa alipokata simu alimweleza mlinzi kwa maneno machache. Watu wasiojulikana walikuwa wameingia katika kompyuta za gridi kupitia mtandao, na walikuwa wakitoa amri za uongo. Vituo viwili vilikuwa vimeshazimwa pamoja na betri zake, na kuviamsha kungechukua siku nzima. Mkuu wa mafundi wa gridi alikuwa akivipigia simu vituo vyote: jitengeni na gridi, na mjitenge kwa mkono, maana kompyuta haiaminiki tena.

"Tukijitenga tutaishi kwa jua letu na betri zetu," alisema Mama Mkubwa. "Njoo tuufunge mlango."

Akaushika mkono wa chuma, akauvuta. Haukusogea. Mlinzi akatema mate viganjani, wakavuta wote wawili mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Mkono ulikaa kama umezaliwa na ukuta. Mlinzi akaenda kuleta nyundo, lakini Mama Mkubwa akamzuia. Ukivunjika, alisema, hawatakuwa na mlango kabisa.

Akachukua kitabu cha kituo, akapitisha kidole kwenye ukurasa. Chapuchapu alikitazama kidole kile kikishuka: vema, vema, vema.

"Si saruji," Mama Mkubwa alisema. "Grisi imepakwa kila wiki, hata Jumamosi iliyopita. Basi kuna kitu kimevunjika ndani. Itabidi nizime mtaa mzima, nifungue sanduku. Ni kazi ya saa mbili, nikiharakisha."

Mlinzi akauliza habari za kituo cha afya. Jenereta yao ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. Mama Mkubwa akajibu kwamba betri yao ya akiba ilitosha nusu saa, na kwamba angempigia muuguzi amfunge mtoto kifuani kwa mama yake na kumfunika, wamwombee. Alisema hivyo huku akibonyeza namba.

Chapuchapu alikitazama tena kitabu. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua, kwa sababu kitabu kilikuwa upande wake. Lakini mdogo wake alikuwa kwenye kitanda kile, na ni kwa ajili ya kumwahi yeye alama zile zilitiwa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Mama Mkubwa, usizime," alisema. "Sikupaka grisi. Wiki zote tatu. Nilitia vema tu."

Mama Mkubwa alimgeukia. Kisha akairudisha simu mfukoni.

"Lete kopo," alisema. "Na bisibisi ile nyembamba. Leo ndiyo siku ya kuwa Chapuchapu."

Walipoyamulika maungio kwa tochi, waliona saruji imeganda kuyazunguka, ya kijivu na ngumu. Mama Mkubwa aliibandua kidogo kidogo kwa ncha ya bisibisi, mlinzi akamimina mafuta mepesi, Chapuchapu akafuta uchafu kwa kitambaa. Taa ilififia mara mbili, kisha ikawaka kwa ukali uliomfanya mlinzi ainame. Baada ya dakika kumi na tano Mama Mkubwa aliushika mkono tena. Uling'ang'ania, ukalia, ukasogea upana wa kidole kimoja, halafu ukashuka wote kwa kishindo.

Taa ya chumba ikatulia. Mama Mkubwa akachomoa waya wa mtandao kwenye kompyuta, akaketi sakafuni palepale na kujifuta jasho kwa kanga. Dakika chache baadaye mkuu wa mafundi alipiga simu tena. Kituo cha mtaa wa pili kilikuwa kimezimwa.

Chapuchapu alianza kulia. Alisema angepokonywa kazi, na kwamba alistahili.

"Futa machozi, kisha lete kalamu," alisema Mama Mkubwa. "Sikiliza. Kuchelewa kupaka grisi ni kosa, lakini ni kosa dogo. Ungeacha nafasi wazi kitabuni, ningeiona, ningepaka mwenyewe. Mimi sioni ndani ya sanduku lile, mwanangu. Naona kupitia kitabu. Ukiandika uongo humo, umenifumba macho, na leo nilikuwa nakwenda kumzimia mdogo wako umeme kwa sababu nilikuamini. Umesema kweli wakati bado inafaa kitu. Hilo nalo nitalikumbuka."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mlinzi aliongeza, na kwa mara ya kwanza hakuwa akitania.

Chapuchapu akakata alama zile tatu, moja moja, na pembeni ya kila moja akaandika: Sikupaka. Kisha akapeleka chai. Kwa hisani ya muuguzi alichungulia mlangoni, akaona taa ndogo ya kitanda cha joto ikiwaka, na mdogo wake amelala na ngumi zake zimekunjwa. Jioni ile ile alimweleza mama yake kila kitu.

Kompyuta za gridi zilisafishwa siku ya nne, na mlango ukafunguliwa tena. Jumamosi, Mama Mkubwa alipokagua kitabu, hakukuta alama ya vema. Alikuta mwandiko wa polepole, herufi zimepangwa vizuri:

"Nimefuta vumbi. Sijapaka, kopo limekwisha. Nasubiri hapa nje."

Mama Mkubwa akatoka na kopo jipya.