Sura ya Bi Mwanvita Bangoni

Kila alipotoka shule, Hafidha alipitia Mazimbu kwenye karakana ya uchoraji ya Mwalimu Kristina, akaosha brashi na kufagia vipande vya karatasi, kisha akafundishwa kuchora. Mwaka huo mwalimu alikuwa anaanzisha masomo ya bure kwa watu wazima: uchoraji, uandishi wa herufi na ubunifu wa mabango. Akampa Hafidha kazi ya kubuni bango la kuwaalika watu.

Hafidha akamkumbuka Bi Mwanvita, bibi wa Kiluguru aliyeshuka mlimani kila asubuhi kuuza nyanya karibu na stendi ya Msamvu. Kwenye boksi lake aliandika kwa mkaa “NYAYA”. Hafidha akamchora na boksi lake lenye neno lile vilevile, hata kovu la shavuni hakuliacha. Juu akaandika: “Usibaki hivi. Njoo ujifunze bure.” Mwalimu hakumjua yule bibi, akalisifu bango, wakachapa nakala na kuzibandika Msamvu.

Siku iliyofuata Hafidha alikwenda stendi akitarajia sifa. Akakuta vijana wamemzunguka Bi Mwanvita. Mmoja alimtaka ampimie mita mbili za nyaya za umeme, wenzake wakaangua kicheko. Bi Mwanvita alilisogelea bango, akaigusa sura yake kwa kidole, kisha akapanga nyanya kwenye tenga na kuondoka.

Hafidha alipigwa na butwaa. Kumbe kicheko kile alikileta yeye, kwa mkono wake mwenyewe!

Alirudi mbio karakana, akaeleza yote bila kuficha. Mwalimu Kristina akashtuka. Walikwenda kubandua mabango yote, na kesho yake wakapanda mlima hadi kwa Bi Mwanvita.

“Shikamoo bibi,” Hafidha alisema akipiga magoti. “Mimi ndiye niliyekuchora. Nisamehe.”

“Marahaba.” Bi Mwanvita alimwashiria aketi. “Kila siku unapita pale, unanisalimia. Mbona hukuniuliza, mjukuu wangu?”

Machozi yakamtoka Hafidha. Bibi akaeleza kwamba masomo yale aliyataka sana, lakini sasa angeingiaje darasani na watu waliomcheka? Mwalimu naye akaomba radhi, kwa kuwa hakuuliza picha ile ilikuwa ya nani. Walizungumza mpaka chai aliyowaandalia ikapoa. Mwishowe Bi Mwanvita akakubali kuchorwa upya, ila maneno ayachague mwenyewe.

Bango jipya lilimwonyesha ameketi wima, brashi mkononi: “Mimi naanza Jumatatu. Karibuni tujifunze bure.”

Jumatatu hiyo viti havikutosha. Walikuja washonaji, mafundi na wauza mboga. Hata kijana mmoja wa wale wa stendi alifika, akamwamkia Bi Mwanvita kwa haya kabla ya kukaa.

Mwalimu Kristina akamvuta Hafidha kando.

“Mwanangu, sura ya mtu ni heshima yake. Ukitaka kuichora, kwanza mwombe. Huwezi kuwaita watu waje kujifunza huku unamdhalilisha mmoja wao.”