Sauti ya Upande wa Kulia

Jumatano moja ya Oktoba 1999, soko la Kasulu lilikuwa limefurika. Maharage yamemwagwa kwenye maturubai, makondakta wanaita abiria wa Kibondo, na katikati ya zogo hilo akapita dada mmoja mwenye gauni la kitenge cha njano na raba nyeupe zilizogeuzwa nyekundu na vumbi. Alikuwa anaulizia deki ya kuchezea CD. Leonidasi, mwenye banda la video, alikuwa juu ya stuli akiandika kwa chaki filamu ya siku hiyo. Alipomwona, alikosea jina la filamu. Tusimlaumu, nani angemwona Pelagia akaendelea kuandika?

"Mwidiwe, dada," alimsalimia kwa Kiha. "Deki unayoitafuta iko humu."

"Mwidiwe. Inafanya kazi, au ni pambo la meza?"

"Inafanya kazi kuliko mwenyewe."

Pelagia akacheka, kisha akaeleza shida yake. Aliajiriwa Kibondo na shirika la kusaidia wakimbizi, kazi yake kusikiliza mahojiano na kuyaandika neno kwa neno. Katika CD ya video aliyoibeba walikuwemo akina mama kumi na wawili wa kambi ya Nduta, wakieleza walivyopotezana na watoto wao walipokuwa wakikimbia Burundi. Kompyuta ya ofisi ilikuwa inakwamisha picha kila baada ya sekunde mbili. Ijumaa mchana gari lingepeleka maelezo yao kwenye makanisa ya mpakani, yasomwe Jumapili, waliookota watoto wasikie. Gari lingine ni mpaka baada ya Krismasi.

"Niliwaahidi," Pelagia alisema. "Nilimshika kila mmoja mkono, nikamwahidi."

Leonidasi aliiosha CD kwa maji ya sabuni, akaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, akawasha jenereta. Picha ikaenda bila kukwama hata mara moja.

"Wewe fundi wewe!" Pelagia alimpiga kofi la bega, na kijana wa watu akajiona ana urefu wa mlingoti.

Swali likasikika wazi: mama, unaitwa nani? Mwanamke kwenye picha akafungua mdomo. Kimya. Swali la pili, kimya tena.

"Umewafuta!" Pelagia alisimama. "Ofisini niliwasikia, japo kwa vipandevipande. Umesugua mpaka sauti zimetoka!"

"Mpenzi, sabuni haifuti sauti..."

"Mpenzi wako tangu lini?" Akaichukua CD yake, akatoka analia.

Saa nane watazamaji wakajaa, na filamu ya ngumi ikaanza kwa Kiingereza, kama siku zote. Hapo ndipo Leonidasi aliposhtuka. Filamu zile za Kichina zilikuja na lugha mbili, Kiingereza upande wa kushoto wa sauti na Kichina upande wa kulia. Watazamaji walizoea kubonyezabonyeza kitufe cha lugha na kugombana, mpaka mwaka juzi akaifungia deki upande wa kushoto na kuking'oa kitufe kabisa. Akakumbuka maikrofoni mbili alizoziona kwenye picha, moja mbele ya muulizaji, nyingine mbele ya mama. Akina mama wote walikuwa upande wa kulia!

Aliwaacha watu na filamu yao, akakimbia kumtafuta, akamkuta posta. Pelagia alikuwa kwenye simu, anazungumza na mkuu wake wa kazi.

"Dada Immakulata, sauti hazipo. Hapana, si mtu mwingine. Nimeziharibu mimi."

Leonidasi alisikia, akampenda papo hapo, kabisa.

"Mwambie asubiri! Sauti zipo! Kosa ni la deki yangu."

"Fundi, usinichezee leo."

"Zisiposikika, nivunjie deki."

Waliporudi bandani aliwaomba radhi watazamaji, akawatoa, akaitia CD, kisha akachokonoa kwa bisibisi pale kilipokuwa kitufe. Banda zima likasikia sauti ya mwanamke akijitaja kwa Kirundi: "Nitwa Mpawenimana. Umwana wanje yitwa Ange." Mtoto wake, Ange, alimpoteza akiwa na miaka minne, ana kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto.

Pelagia alijifunika uso kwa mikono. "Nisamehe. Nimekutukana bure."

"Kaa hapo, andika. Utanitukana tena Jumamosi."

Banda lilifungwa siku mbili. Leonidasi alishika rimoti, Pelagia kalamu, na Kiha cha Leonidasi na Kirundi cha Pelagia vilisaidiana kila neno lilipoponyoka.

"Rudisha kidogo, mpenzi."

"Umeniita nani?"

"Nimesema rudisha."

Ijumaa saa sita, kurasa arobaini zilipanda gari.

Jumanne simu ililia kwenye duka la Shamsi, jirani yake, na Leonidasi akaitwa mbio.

"Leonidasi! Juzi huko Titye, padri aliposoma ya Mpawenimana, familia moja ikasimama na mtoto. Kovu analo! Ni Ange! Leo wamemleta Nduta, mama yake amempakata tangu asubuhi, hata uji anamnywesha mwenyewe."

Leonidasi alipiga kelele mpaka wateja wakageuka. Alipopata pumzi, alisema yote kwa mkupuo: "Pelagia, nakupenda. Nataka kuja kwenu na wazee wangu, waniposee."

"Unaniposa kwenye simu, ofisi nzima inasikia?"

"Huku wananisikia dukani kote."

"Basi na wasikie. Nimekubali! Njooni Jumamosi, na nguo upige pasi."

Vigelegele vya ofisi ya Kibondo vilipasua simu, cha Immakulata kikiongoza vyote. Leonidasi akaruka kaunta, akamkumbatia Shamsi pamoja na kilo ya sukari aliyokuwa anapima.