Kilio cha Funo

Spika ililia chumbani, ilhali betri yake ilikuwa mezani kando ya kopo la sukari.

Darubini aliacha kunyoa ndevu. Jina hilo alipewa na waongozaji wenzake kwa kujigamba kwamba humwona mnyama kabla mnyama hajajiona. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha wapiga picha kwenye msitu wa mlimani kumtafuta funo, paa mdogo asiyeonekana kirahisi. Wengi huishia kupiga picha ya mavi yake na kuyasifia. Mwenye spika hapati aibu hiyo. Unawasha sauti ya mnyama, mwenzake anatoka.

Ila safari ya mwisho hakuna aliyetoka, na mgeni akaanza kununa. Darubini akakiokota kitoto cha funo kilichofichwa na mamaye majanini, akakifinya sikio mpaka kikalia, akairekodi sauti, akakitia ndani ya koti kisimharibie kazi. Akaiwasha sauti ile kwenye spika, na mama akatoka. Mgeni akapata picha, wakakumbatiana. Baadaye alipofungua koti, kitoto kilikuwa kimeshapoa. Akakifukia kwa majani, kama mtu anayeficha sahani aliyoivunja.

Hakumwambia mtu.

Sasa nyumba ilinuka majani yaliyooza, na harufu ilizidi kwenye mto wa bintiye, Kibibi. Asubuhi sakafu ilikuwa na alama za kwato mbichi, zinaingia, hazitoki. Mkewe akamwita shangazi yake, mganga asiyecheka ovyo. Shangazi akanusa mto, akasema kwa sauti ya chini kwamba funo wana mchungaji wao, na mchungaji huyo si mtu.

"Ulimwita nani kule, mwanangu?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, Kibibi mgongoni. Darubini akatazama vidole vyake.

"Ndege tu, shangazi."

"Haya. Mimi namfukuza yule uliyemtaja. Kama ni mwingine, huyo hajasikia kitu."

Akafukiza, akasoma, akaiponda spika kwa mchi. Harufu ikaondoka. Darubini akarudia mizaha yake, akasema angalau ametimuliwa jini mwenye mabawa, na hakuna aliyecheka, hata yeye.

Kisha alasiri moja ukungu ukashuka mpaka nyuma ya choo. Mkewe alikuwa barazani akimsuka Kibibi, Darubini kando yao, na kutoka kwenye miti sauti ikaja, nyembamba, ya karibu.

"Baba. Sikio linauma."

Kibibi aligeuka pale mapajani pa mama yake, akafumbua kinywa kulia, na hakikutoka kitu, hata pumzi.

"Baba Kibibi," mkewe alinong'ona, "mbona mtoto hana sauti? Ulimwita nani?"

Darubini akamwambia yote, macho chini. Mkewe akamkumbatia mtoto, wala hakumtukana, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Sauti ikalia tena, sasa mbali kidogo, kama inavyopaswa kusogezwa na mtu anayeijua kazi ya kuvuta mnyama, na Darubini akamkumbuka yule mama funo alivyosita ukingoni mwa miti, mguu mmoja hewani, masikio yakitetemeka, akijua kabisa kwamba kuna mtu amejificha nyuma ya kilio kile, akijua, na bado akatoka.

Akavaa viatu.