Picha ya Adhis Iliyokataa Kufunguka

Kila asubuhi dada yangu Adhis alikaanga omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya njia mtaani Mashimoni. Alimwita kila mteja kwa jina. Alipofariki, kaka yetu Nicanor alikuwa kazini Qatar. Alinyimwa ruhusa ya kuja kumzika.

Binamu yetu Opondo akatengeneza ukurasa wa mtandao wa kumuaga. Nicanor aliufungua, akanipigia simu.

"Awiti, naona maneno tu. Mahali pa picha ni patupu. Nataka kuona uso wake."

"Ni brauza inasumbua," Opondo alisema. Brauza ni ile programu ya kufungulia mtandao. Akaingia kwenye mipangilio ya laptopu yake, akaruhusu vitu visivyo salama. "Cheki sasa, sista."

Kweli, picha ilifunguka. Lakini mahali pa uso wa dada yangu palikuwa na tangazo la kamari: "Bahati Yako Leo!" Waombolezaji walikuwa wamejaa chumbani. Shangazi alifunika macho kwa leso.

"Opondo, huyu ndiye Adhis?" nilifoka.

Jirani yetu Mutheu, fundi wa kompyuta, akasogeza kiti. "Picha uliitoa wapi?"

"Kwa tovuti ya zamani ya kwaya ya Adhis."

"Ona. Anwani ya ukurasa wako inaanza na https. Ukurasa unasafiri ukiwa umefungwa. Anwani ya picha ni http, bila s. Picha inasafiri wazi. Brauza ilijaribu kuileta kwa njia salama, ikashindwa, ikaikataa. Wewe ukailazimisha. Mwenye waifai ya mtaa, huu mtandao wa hewani mnaolipia hapa, akaibadilisha njiani."

"Lakini ukurasa wangu ni salama!"

"Tangi lako ni safi, Opondo, lakini mpira wa maji umepita kwenye mtaro wa choo. Utakunywa?"

Opondo akamsogezea laptopu.

"Na shukuru ilikuwa picha tu," Mutheu aliongeza. "Ingekuwa programu, ingeweza kuiba hata nywila zako."

Mwenye waifai alipoulizwa, alisema hulipwa kwa matangazo, ni biashara tu. Biashara! Juu ya uso wa marehemu! Tuliacha kutumia waifai yake siku hiyohiyo.

Mutheu alirudisha mipangilio ilivyokuwa. Akaiweka picha kwenye tovuti ileile ya ukurasa, kwa anwani ya https.

Nicanor akapiga tena.

"Namwona," alisema. "Ameshika mwiko wake."

Kisha akamwita kwa jina.