Mlango Usiopitisha Kiti

“Simama! Simama mume wangu, unanipitisha ukutani!”

“Ukuta uko wapi?”

“Huo hapo wa chokaa. Nyumba haijapata hata msingi, wewe ushaanza kuibomoa. Rudi nyuma, tupite mlangoni kama watu.”

Dereva alicheka, akakivuta nyuma kile kiti cha magurudumu. Mkewe, Mshonaji, alikuwa amejipaka wanja kama bibi harusi. Tangu ajali imnyang'anye miguu, alikuwa akiishi ghorofa ya pili, akishushwa na kupandishwa mgongoni mwa mumewe. Na ni mgongoni hapo alipoahidiwa: “Nitakujengea nyumba ya chini, isiyo na ngazi hata moja. Utajitembeza mwenyewe mpaka unichoke.” Leo ahadi ile ilikuwa imechorwa kwa chokaa ardhini, katika kiwanja alichokinunua yeye kwa cherehani yake, kabla hata hajalijua jina la huyo mume.

Kitinda, mdogo wake wa mwisho, alikuwa ametangulia ndani ya michoro, mkono kiunoni. Alikuja kumuuguza dada yake kwa mwezi mmoja. Mwezi wenyewe haujaisha mpaka leo.

“Hapa sebule, dada. Hapa meza ya chakula. Jiko lile kule.”

“We mtoto! Unaijua nyumba yangu kunishinda mimi?”

“Si nilimsindikiza shemeji kwa mchora ramani? Wewe zile ngazi zake ungezipandaje?”

Neno lilichoma, lakini Mshonaji alilimeza. Siku ya furaha haiharibiwi kwa neno moja.

“Haya, nipelekeni chumbani kwangu.”

“Jua kali, mke wangu. Tutakiona siku nyingine.”

“Jua limenikuta kwenye kiti, litaniacha kwenye kiti. Sukuma.”

Dereva alisukuma kama anayekwenda kulipia kosa. Walipita ukumbini, wakakunja kushoto, wakafika kwenye pengo la mlango wa chumba kikubwa. Gurudumu la kulia likakanyaga chokaa. Akakiweka kiti sawa, akajaribu tena. La kushoto likakanyaga.

“Fundi!” Mshonaji aliita.

Fundi mjenzi alikuja akipangusa mikono. Walimwita Timazi, kama ule uzi wa kunyooshea kuta, kwa sababu hakuwahi kutoa neno lililopinda.

“Naam, mama.”

“Mlango huu mbona umebana?”

“Ndivyo ramani inavyosema, mama. Mimi nafuata ramani.”

Mshonaji alivua shingoni ule utepe wake wa kupimia nguo, akainama, akapima pengo. Kisha akapima kiti chake, gurudumu mpaka gurudumu, ingawa kipimo hicho alikijua kama anavyoujua mkono wake. Kiti kililizidi pengo kwa upana wa kiganja.

“Na mlango upi katika nyumba hii unaopitisha kiti changu?”

Timazi alionyesha kwa kidevu. “Wa mbele. Na wa kile chumba cha nyuma, ubavuni mwa jiko. Kile mlango wake mpana sana.”

“Kile ni stoo.”

“Hapana, mama. Kina dirisha.”

Dereva aliingilia haraka. “Mchoraji amekosea tu. Nitampigia kesho.”

“Mpigie sasa.”

“Simu yangu haina chaji.”

“Yangu inayo,” alisema Timazi, akabonyeza, akaweka sauti ya nje.

Sauti ya mchora ramani ilitoka changamfu: “Timazi! Umeshaanza kuchimba?”

“Bado. Mlango wa chumba kikubwa umebana. Kiti cha mama hakipiti.”

“Hakuna kosa hapo, ndugu yangu. Mama mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyetaka ubane, ukuta upate kabati refu. Yule dada yao mgonjwa nimempa kile cha nyuma, mlango mpana, asisumbuke kupita ndani. Na chumba cha mtoto nimekiunganisha na chao, kama walivyotaka.”

“Mama mwenye nyumba yupi?”

“Si yule mjamzito! Kwani kajifungua?”

Timazi alikata simu, akawa anaitazama kamba yake ya kupimia msingi.

Mshonaji hakumgeukia mumewe kwanza. Alimtazama mdogo wake kiunoni.

“Hilo gauni nililiachia kiuno wiki iliyopita. Ukaniambia umenenepa kwa mapishi yangu.”

“Dada...”

“Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi mpaka nguo yenyewe nimeishona kwa mkono wangu!”

Kitinda alianza kulia, kisha akaona kilio hakinunuliwi, akakikausha. “Ulitaka afanyeje, dada? Mwanamume anahitaji mwanamke mzima. Hatukukutupa. Tumekupa chumba.”

“Mmenipa?”

“Chenye dirisha.”

“Mke wangu, sikiliza,” Dereva alipiga magoti kwenye vumbi. “Nilitaka tuishi wote kwa amani. Ungekula, ungelala, ungetunzwa.”

“Kama kuku wa kuatamia. Na mlango mngenifungia nyie?”

“Usiseme hivyo. Nani amekubeba miaka yote hii? Nani?” Sauti ilimpanda, naye akapanda nayo, akasimama. “Jeuri hiyo ya nini? Leo nikikuacha hapa, nani atakupandisha zile ngazi? Niambie! Utatambaa?”

Vibarua wa Timazi waliacha kupigilia vigingi. Mshonaji alikuwa ameliogopa swali hilo kila usiku, na kila usiku alimpikia, akamfulia, akamchekea mwanamume huyu ili lisiulizwe. Sasa limeulizwa, na jua halijaanguka.

“Nitatambaa,” alisema. “Tokeni nyumbani kwangu.”

“Nyumba gani? Chokaa hii? Matofali yale nimenunua mimi!”

“Yabebe. Mgongo unao.”

Kibarua mmoja alikohoa kuficha kicheko. Dereva alimshika Kitinda mkono, akaanza kukata kupitia sebuleni.

“Huo ni ukuta!” Mshonaji alipaza sauti. “Piteni mlangoni. Ule mwembamba, mliouchagua wenyewe. Nyinyi si wazima?”

Ajabu ni kwamba walirudi. Watu wawili kwenye uwanja mtupu, njia kila upande, walipita mmoja mmoja katika lile pengo mbele ya vibarua, Kitinda akikusanya gauni lisiguse chokaa. Alipofika njiani aligeuka.

“Dada, huyu mtoto ni damu yako. Atalala wapi?”

“Muulize baba yake. Ni hodari wa kugawa vyumba.”

Kitambo kidogo baadaye, simu ya Mshonaji ilitetemeka pajani. Ujumbe ulitoka kwa mama yao.

“Mwanangu mdogo wako kanipigia analia. Usimwaibishe mbele za watu. Heri yeye kuliko mtu baki. Hali yako unaijua, vumilia.”

Mshonaji aliusoma mara mbili. Akaandika: “Mama, ulijua?”

Alingoja. Jibu lilichelewa, kisha likaja: “Mimi ni mama yenu wote.”

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, mengi, yakashuka na wanja mpaka shingoni. Timazi aliwafukuza vibarua kwa jicho, akachuchumaa pembeni, akajifanya anafungua fundo la kamba yake.

“Mama,” alisema baadaye, “tusitishe kazi?”

“Matofali akija kuyachukua, mpe yote. Nitashona, nitanunua mengine, hata kama ni moja moja.” Alijifuta uso kwa kitambaa cha kichwani. “Milango yote ipanue. Kabati silitaki.”

“Sawa. Na kile cha nyuma?”

“Kifute.”

Timazi alikifuta kwa kiatu, kuta nne, dirisha na yote. Kisha akasimama kwenye kile chumba kidogo kilichounganishwa na kikubwa, mguu umeinuka.

“Na hiki cha mtoto?”

Mshonaji alikitazama. Daktari alikwishamwambia, siku ileile ya ajali, kwamba hatazaa, na mumewe alikuwa amemshika mkono akiapa kwamba haidhuru.

“Kifute nacho,” alisema. “Anza kuchimba.”