Barua Iliyotumwa Hull

"Usiguse simu, Rahaf. Hina haijakauka."

"Basi niwekee wewe sikioni. Namba ya Uingereza hiyo."

Ghadir, mdogo wake, akamwekea. Rahaf alikuwa amekaa mkekani chumbani kwa mama yao, mtaa wa Nguvumali mjini Tanga, mikono na miguu imejaa hina. Nikaha ilikuwa kesho yake. Aliyepiga ni Bwana Noa, mwenyekiti wa bodi ya kampuni anayofanyia kazi huko Hull, watengenezaji wa kamba na mazulia ya mkonge.

"Nimesikitika, Rahaf," mzee yule alisema kwa Kiingereza. "Lakini tunaheshimu uamuzi wako."

"Uamuzi gani?"

"Umetuandikia asubuhi kwamba unaolewa na hukitaki tena cheo cha mtendaji mkuu tulichokupendekezea. Saa tisa ya kwenu bodi inakaa kumthibitisha mwenzako."



"Sijaandika chochote."

"Imetoka kwenye barua pepe yako."

"Nipeni nafasi niongee na bodi."

"Saa tisa kamili, kwa video. Na uje na maelezo. Kuna watu humu watauliza kama tunaweza kumkabidhi kampuni mtu asiyejua nani anaandika kwa jina lake."

Ilikuwa saa saba kamili mchana.

Miaka kumi na saba Rahaf alikuwa kwenye kampuni ile. Aliingia akiwa mwanafunzi, akibandika lebo kwenye maboksi. Akawa msimamizi wa zamu, akawa meneja wa kiwanda. Wakubwa walipotaka kukifunga, alisimama mbele yao na kibunda cha kamba za bustani alizozisokota mwenyewe, akaomba miezi sita tu. Kiwanda kipo mpaka leo, na wafanyakazi mia mbili wapo kazini. Kiti kile hakuwa akipewa kwa kuhurumiwa.

Sasa nani aliyeishika kompyuta yake? Aliyejua kuwa ameishika alikuwa mmoja: Mudathir, mchumba wake, daktari wa mifugo wa Maramba. Juzi aliiazima kuchapisha orodha ya wageni.

"Mpigie," akamwambia Ghadir.

Mudathir akapokea kwa sauti ya furaha. "Bi harusi."

"Uliandika nini kwenye kompyuta yangu?"

"Majina ya wageni. Kwani vipi?"

"Kuna mtu amewaandikia Waingereza kwamba nimeikataa kazi. Wewe uliniambia hutanizuia. Ulinitazama machoni ukasema."

"Na bado nasema."

"Basi ni nani?"

 



"Si jambo la kusema kwenye simu, Rahaf."

"Kama ni wewe, kesho usije. Ghadir, kata."

Haikupita dakika, ujumbe ukaingia. Ghadir akausoma kwa sauti: "Sikuandika mimi. Natoka Maramba sasa hivi. Usinihukumu kabla hujaniona."

Saa nane na nusu pikipiki ikanguruma mlangoni. Bi Fakhria, mama yao, akawahi kuziba njia.

"Bwana harusi kuja huku leo? Watu watasema nini?"

"Shikamoo mama. Niwie radhi, nina maneno machache tu." Vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye nyusi. Hakumtazama Rahaf. Alimtazama Muhanad, kaka yao mkubwa, aliyekuwa akipanga viti uani. "Muhanad, sema mwenyewe. Sitaki nikutaje mimi."

Muhanad akaweka kiti chini.

"Nilikwenda kwako wiki iliyopita nikakuomba umkataze. Ungekubali, tusingefika hapa."

"Ni wewe, kaka?" Rahaf aliuliza. "Nywila yangu nilikupa mwenyewe, mwaka jana, uliponishughulikia tiketi. Kwa nini?"

Muhanad akamtupia jicho mama yake.

"Mwache," Bi Fakhria alisema. "Nilimtuma mimi."

"Mama?"

"Miaka kumi na saba nakuona kwenye kioo cha simu. Baba yako amezikwa wewe uko kwenye simu. Nikasema akiolewa atarudi. Mara nasikia cheo. Mwenye cheo kama hicho harudi, mwanangu."

Hasira aliyokuwa nayo Rahaf ikakosa pa kushukia. Machozi yakamtoka na mikono ina hina, Ghadir akamfuta kwa pindo la kanga. Kisha Rahaf akamgeukia Mudathir.

"Ulijua."

"Nilijua wanalitaka. Kwamba wamelifanya nimejua uliponipigia. Ningekutajia mama yako kwenye simu, ungenisikiliza?"

"Nisingekusikiliza. Nisamehe."

"Nitakusamehe saa kumi. Sasa hivi una kikao."

Saa tisa kamili sura saba zikatokea kwenye kompyuta. Mama mmoja wa makamo, Bi Beatrisi, hakupoteza muda.

"Nani aliandika ile barua?"

Kabla Rahaf hajajibu, Bi Fakhria akajisogeza mbele ya kamera, akatengeneza mtandio wake.

"Waambie ni mimi."

"Mama, si lazima."

"Tafsiri kama ninavyosema, usipunguze. Mwanangu hakuandika. Nimeandika mimi kwa mkono wa kaka yake, kwa kuwa nilimtaka nyumbani. Nimemkosea yeye na nimewakosea nyinyi. Msimwadhibu kwa kosa langu."

Rahaf akatafsiri neno kwa neno. Bi Beatrisi akavua miwani.

"Na wewe, Rahaf, unataka nini?"

"Nataka kazi. Kumpa mtu nywila ni kosa langu, na nimeshaibadilisha. Nitaanza mwezi ujao, maana kesho naolewa. Na kila miezi mitatu nitakuja Tanga. Mkonge wetu unatoka huku, na hakuna mtendaji mkuu aliyewahi kuja kuuona shambani."

"Na mumeo?" Bwana Noa aliuliza.

Mudathir akajibu kutoka mlangoni, kwa Kiingereza chake cha darasani. "Mume anasomea mtihani wa leseni ya kutibu ng'ombe wa huko. Akifaulu atamfuata. Asipofaulu, atarudia."

Wakacheka. Wakatoka kushauriana, wakarudi baada ya robo saa.

"Kura sita kati ya saba," Bwana Noa alisema. "Hongera, mtendaji mkuu."

Vigelegele vya Ghadir vilisikika mpaka nyumba ya tatu.

Asubuhi ya nikaha, Muhanad alimfuata dada yake chumbani. Kwa kuwa baba yao hayupo, yeye ndiye walii wa kumwozesha.

"Nina uso gani wa kukuozesha?"

"Huohuo. Nenda, watu wanasubiri."

Msikitini Muhanad akaushika mkono wa Mudathir.

"Nimekuozesha dada yangu Rahaf, mtendaji mkuu wa kampuni ya Waingereza."

"Cheo hakitajwi kwenye nikaha," shehe akamnong'oneza.

"Jana nilikikana, shehe. Leo niache nikitaje."

Mudathir akaukaza mkono wa shemeji yake. "Nimekubali kumuoa," akasema, "na cheo chake."