Kikohozi Nyuma ya Mbao

Kila alipotoka shule, Msumari alipitia karakana ya baba yake kufagia. Jina hilo alibandikwa na babu yake kwa sababu ya urefu na wembamba wake. Babu mwenyewe alikuwa ameshafariki, lakini aproni yake ilikuwa bado inaning'inia ukutani juu ya meza ya kazi, imejaa vumbi la mbao, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Msumari hakuipenda aproni ile. Aliona kama inamtazama. Babu alikuwa seremala maisha yake yote, na alikufa akikohoa: kikohozi kikavu, kifupi kifupi, kisha pumzi moja ndefu ya kuvuta kwa taabu. Daktari alisema ni vumbi la miaka mingi. Sasa baba naye alikuwa ameanza kukohoa vilevile, na kila alipokohoa, Msumari alihisi kwamba babu amerudi.

"Baba, vaa barakoa," alisema siku moja, huku akifagia kwa nguvu hadi vumbi likafika darini.

"Nimejaribu, mwanangu, siwezi. Nabanwa pumzi kama kuku ndani ya gunia."

"Utakufa kama babu!"

Baba aliendelea kupiga msasa mlango wa kabati. Msumari alijuta, lakini hofu ilikuwa imemzidi. Alikuwa ameyasema hayo mara nyingi, na kila mara yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Kesho yake alikuta karakana iko kimya. Baba alikuwa nje, anapakia viti kwenye mkokoteni. Msumari aliposhika ufagio tu, akasikia nyuma ya rundo la mbao kikohozi kikavu, kifupi kifupi, kisha pumzi ndefu. Akatupa jicho ukutani. Aproni haikuwapo!

"Baba!"

Baba aliingia mbio, na nyuma yake fundi rangi wa karakana ya jirani, barakoa yake ikiwa bado usoni. Kikohozi kikasikika tena. Baba alisimama wima kama mti, maana alikijua kikohozi cha mzazi wake. Kisha akajikaza, akasogeza mbao.

Alikuwa Kidoti, mdogo wake Msumari wa kike, ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Alikuwa amepanda meza akaishusha aproni ya babu, akajifunga nayo hadi miguuni. Alisugua kibao kwa msasa, akatua, akakohoa, akaendelea.

"Unaumwa, mama?" baba aliuliza, sauti ikimtetemeka.

"Siumwi. Mimi ni fundi," Kidoti alijibu. "Fundi akisugua, lazima akohoe."

Baba aliketi palepale sakafuni, machozi yakimlengalenga. "Hata mimi nilikuwa nacheza hapahapa," alisema taratibu, "namwiga baba yangu."

Fundi rangi alimshika bega. "Ndugu yangu, na mimi nilidhani nitakufa ndani ya kitu hiki. Nilianza kwa kupaka rangi kiti kimoja, nikaivua barakoa, nikapumua. Baadaye nikazoea. Wewe anza na ubao mmoja tu."

Baba akavaa barakoa, akapiga msasa ubao mmoja, jasho likimtoka. Alipoivua, alicheka kidogo. "Kumbe sijafa!"

Siku zilizofuata alivaa kwa muda mrefu zaidi. Alikwenda pia hospitali, na daktari akamwambia hajachelewa. Msumari naye aliacha kuhubiri. Alijifunga kitambaa puani, akanyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia, na vumbi likatulia. Aproni ya babu ilifuliwa. Kikohozi cha baba kikapungua, ingawa bado kulikuwa na siku kilipomrudia, na siku hizo Msumari aliacha kufagia akasikiliza.

Jioni moja Kidoti alichukua kibao chake. Kabla ya kusugua, alitafuta kitambaa, akajifunga puani. Baba alimtazama.

"Umeona, Msumari?" alisema. "Maneno yako yalikuwa ya kweli, lakini uliyasema ukiwa katikati ya vumbi bila kitambaa. Na huyu nilikuwa namfundisha kukohoa bila kumwambia neno. Ukitaka mwenzako abadilike, anza wewe, akuone ukifanya. Anza na kidogo unachokiweza, hadi naye aamini kwamba anaweza."

Msumari alitega sikio. Nyuma ya mbao Kidoti alisugua, akatua, akavuta pumzi, akaendelea kusugua.